Dakika Saba za Kuwahi Kabambare

Niliondoka Kasongo kwenda Kabambare kwa sababu ya mdomo wangu. Wengine husafiri kwa biashara, wengine kwa msiba, wengine hutumwa na serikali. Mimi nilikwenda kuokota neno nililolitupa mwenyewe, na wote walionijua wakati ule, enzi za Wabelgiji, hawakushangaa hata kidogo. Walishangaa tu kwamba nilikwenda kwa ndege.

Kwanza niwaeleze neno lenyewe. Mimi ni Ramazani, fundi wa kushona, na cherehani yangu ilikaa barazani kwangu karibu na msikiti. Alikuwako Mzungu mmoja aliyekuwa akirusha ndege ndogo ya viti vinne, akipeleka barua na dawa kwenye vituo vya serikali. Tulimwita Bwana Kipimo, kwa sababu hakuna kitu alichokiacha bila kukipima: mifuko, watu, upepo, hata mbuzi aliyekatiza uwanjani. Siku moja upepo uliangusha nguzo ya banda lake, ikatoboa bawa la ndege upande wa chini. Na bawa la ndege zile, wallahi, lilikuwa kitambaa. Kitambaa juu ya mbao, kimepakwa dawa yenye harufu kali mpaka kikakazika. Mzungu akauliza fundi mwenye sindano nzuri ni nani, na watu wakanionyesha mimi.

Nilishona kiraka kile siku nzima, shingo imeinuka, watu wamejaa kutazama. Jioni mke wangu Zaina akaniletea chakula. Akaweka sahani chini, akainua macho, akasema mbele ya wote kwamba mshono umepinda. Watu wakacheka. Nami, badala ya kunawa mikono nile, nikamwambia nimempa talaka. Moja tu, lakini moja inatosha kumfanya mwanamke afunge mizigo. Kesho yake alipanda lori kwenda kwa wazazi wake Kabambare, na hakugeuka nyuma.

Mdomo huponza kichwa, na changu kilikuwa kimeshaponzwa. Talaka moja inarejewa: mke anakaa eda yake, kama miezi mitatu, na ndani ya siku hizo mume anaweza kumrudisha. Lakini mimi nilingoja Zaina aniombe, naye akangoja nimwombe, na mchele wangu uliungua kila jioni. Mwezi wa kwanza nilikuwa na hasira. Wa pili nilikuwa na njaa. Wa tatu nilikuwa na huzuni, ila nilikuwa sijamwambia mtu.

Alhamisi alasiri ikaja barua ya baba mkwe, Mzee Sadiki. Iliandikwa hivi: eda ya Zaina inakwisha Ijumaa hii jua likizama, hesabu anayo mama yake, mimi siiulizi. Yuko kapita, msimamizi wa machimbo ya Salamabila, mjane, mtu mtaratibu, ameomba kuja kunitazama kwa habari za Zaina, Ijumaa baada ya swala. Kama unamtaka mke wako, uje kabla ya swala. Neno lilitoka mdomoni mwako mbele ya watu, lirudi mdomoni mwako mbele ya watu, hapa kwangu. Maneno ya karatasi siyapokei. Hayo yote aliyaandika kwenye karatasi.

Nilimkimbilia mwalimu wa msikiti. Akasema kisheria ninaweza kumrejea Zaina hapo hapo mbele ya mashahidi wawili, lakini akasema pia kwamba anamjua Mzee Sadiki, na kwamba sheria ni kitu kimoja na mkwe ni kitu kingine. Nikaenda kwenye malori. Malori yalikuwa yamelala: mvua imejaza mito, na kabla ya kijiji cha Wamaza daraja limechukuliwa na maji. Kwa miguu ni siku sita. Nami nilikuwa na usiku mmoja na nusu asubuhi.

Ijumaa baada ya alfajiri nilikuwa uwanja wa ndege, kanzu safi, kofia mpya, karatasi ya ruhusa ya kusafiri mfukoni. Bwana Kipimo alikuwa juu ya ngazi akimimina esanse, yaani petroli, kwenye tangi, huku akiichuja kwa kitambaa. Nilijua kwamba kila Ijumaa anakwenda Kabambare na kurudi siku hiyo hiyo. Nikamsalimu, nikamweleza. Alishuka, akafuta mikono.

“Fundi, wewe iko kilo ngapi?”

Nikasema sitini. Akanipandisha kwenye mizani ya mifuko, ikasema sabini na mbili. Akanitazama kama mtu aliyekamata mwizi, kisha akatazama lile bawa, akacheka peke yake. Akasema ni haki: aliyeshona akae chini ya mshono wake. Sikujua kama ni mzaha au adhabu. Nikapanda kabla hajabadili nia.

Saa mbili kasorobo tuliruka. Sitawadanganya ndugu zangu wa Kasongo kwamba sikuogopa. Nilisoma kila nilichohifadhi tangu chuo cha Kurani, na kilipokwisha nikaanza upya. Kasongo ikawa mabati machache na minazi, kisha msitu na mashamba ya mpunga, na barabara nyekundu ya kwenda Kabambare ikijikunja chini yetu. Nililiona hata lile daraja lililochukuliwa. Juu ya dirisha langu, upande wa chini wa bawa, palikuwa na kiraka changu.

Mshono ulikuwa umepinda.

Haukupinda kidogo. Ulianza vizuri, ukafika katikati, ukaenda kando kama mlevi anayerudi kwake. Nimeshona makanzu ya maulidi, nimeshona suti ya karani mkuu, na pale angani nilikuwa sina pengine pa kutazama. Nikitazama chini, naona urefu wa kuanguka. Nikitazama juu, naona kwamba mke wangu alisema kweli. Nikageuka nikatazama mbele, kwenye saa za vipimo vya ndege.

Ndipo nilipojifunza ufundi wa mwendo wa ndege. Katika saa zile ulikuwapo mshale mmoja uliohesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na kando yake Bwana Kipimo alikuwa amebandika karatasi yenye mistari mitatu ya penseli. Alipoona ninaikodolea macho akanieleza, na kwa kuwa ndege ina kelele alieleza kwa kupiga ukelele na kwa vidole. Mstari wa kwanza, mara elfu mbili na mia moja: injini inakunywa esanse kidogo, unakwenda polepole lakini unafika mbali. Wa pili, elfu mbili na mia tatu: mwendo wa kila siku. Wa tatu, elfu mbili na mia nne na hamsini: mwendo wa mwenye haraka na mwenye esanse ya kuchezea. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Cherehani nayo ina mwendo wake. Ukikanyaga mno, uzi unakatika na kanzu haikwishi mapema.

Asubuhi ile alikuwa ameweka mstari wa pili, kwa sababu upepo ulitoka mbele yetu, mashariki. Alisema upepo ukiwa usoni usiende polepole mno, maana utakaa angani muda mrefu na upepo utakula safari yako. Ukiwa mgongoni, punguza, uuachie upepo kazi. Kila kitu alikuwa amekiweka penseli: kwenda hivi, kurudi hivi, akiba hivi.

Nikamwomba mstari wa tatu.

Akasema hapana. Nikamwambia habari za swala, na kapita wa Salamabila, na jua litakalozama. Akapiga hesabu kwenye goti lake, akanionyesha vidole saba: hiyo ndiyo faida, dakika saba tu, na hasara ni esanse nyingi ambayo Kabambare haipatikani, kwa kuwa pipa lake la huko lilikuwa tupu tangu malori yalale. Nikamwambia mtu anayezama haulizi kamba ni ya bei gani. Nikamwambia dakika saba kwangu ni mke. Nilisema mengi, na mengine sikumbuki, lakini nadhani nililia.

Bwana Kipimo aligusa karatasi yake kwa penseli. Halafu akasema, bila kunitazama:

“Bibi yangu pia alikwenda. Mimi sikumufuata.”

Akasukuma mkono wa injini mbele, mshale ukapanda mpaka mstari wa tatu.

Ndugu zangu, msinikumbushe kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo niliijua tangu utotoni na haikunisaidia kitu. Injini iliponguruma, ndege nzima ilianza kutetemeka, na kitu kilichotetemeka kuliko vyote kilikuwa kiraka changu. Pale mshono ulipopinda, kitambaa kilikuwa kinapumua: ndani, nje, ndani, nje. Nikampigia Bwana Kipimo kelele apunguze. Akapunguza. Kiraka kikatulia, nami nikamkumbuka yule kapita akivaa viatu vyake huko Salamabila, nikampigia kelele aongeze. Akaongeza. Kiraka kikapumua. Nikasema apunguze. Mara ya nne alitoa mkono kwenye usukani, akanishika kofia, akaivuta chini mpaka ikanifunika macho. Tulikwenda hivyo mpaka Kabambare, kwenye mstari wa tatu, mimi gizani.

Saa mbili na nusu hivi nikahisi tunazunguka. Nikainua kofia. Chini yetu palikuwa na Kabambare, mabati ya ofisi ya serikali, njia, migomba, na uwanja wa ndege. Uwanja wote ulikuwa mweupe.

Ulikuwa mchele. Nyinyi wa Kasongo mnaijua tabia hii, na wa Kabambare msikasirike: mahali pakavu, pagumu, pasipo na kuku wengi, mwanamke wa huku Maniema hawezi kupaacha bila kuanika kitu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, asubuhi ile jua limetoka, na kwa kuwa upepo ulitoka mbele ndege haikutazamiwa mapema hivyo. Tena, kwa haraka yangu, tulifika kabla ya wakati wetu. Mikeka na mikeka ya mchele, kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho.

Bwana Kipimo alipita chini chini kuwaonya. Walitupungia mikono. Akapita tena, wakaanza kukusanya, lakini mchele haukusanywi kwa kukimbia. Kila mmoja aliinama kwenye mkeka wake, akakunja pembe nne, akarudi kuokota punje zilizomwagika. Bwana Kipimo akashusha mshale chini kabisa, chini hata ya mstari wa kwanza, mahali ambapo injini inaguna tu na ndege haianguki wala haiendi. Akaniambia huo ndio mwendo wa kungoja, na haukuandikwa kwa sababu mtu mwenye akili hauhitaji. Tulizunguka. Zile dakika saba zilikwisha mapema sana, na zingine zikafuata.

Mwishowe uwanja ulibaki na mkeka mmoja, katikati, na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha bluu aliyekuwa akichambua mchele wake kwa utulivu, akitoa vijiwe. Wenzake walimwita, akawapungia kwamba wanyamaze. Tulipopita juu yake mara ya tano aliinua uso kututukana, nami nikamtambua. Alikuwa mama mkwe wangu.

Saa tatu na dakika kumi, alipokwisha kukunja mkeka wake, tulitua. Bwana Kipimo alichukua kijiti chake cha kupimia esanse, akakichovya kwenye tangi, akakitazama. Akakifuta, akakichovya tena. Kisha akakaa chini ya bawa na penseli yake, akaniamuru niwe nimerudi uwanjani kabla ya saa saba, maana baadaye mawingu yanajaa.

Nyumba ya Mzee Sadiki ilikuwa karibu. Niliketishwa kwenye mkeka, si kwenye kiti, na nililielewa jambo hilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliitwa mashahidi wawili, jirani na mwadhini. Mama mkwe aliingia na mchele wake kichwani, akasema kwa Kibangubangu jambo ambalo mwadhini alikataa kunitafsiria. Kisha akaja Zaina. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa mzuri, na nilisahau yote niliyoyapanga njiani.

Mzee Sadiki akasema mume anaweza kurejea kwa neno lake, ni haki yake, lakini katika nyumba ile mwanamke si cherehani ya kuhamishwa. Zaina aulize analotaka kwanza. Zaina hakunitazama. Aliuliza swali moja.

“Mushono uko namna gani?”

Mashahidi wakatazamana. Huko nje nilisikia watu wanarudisha mikeka uwanjani. Nilikuwa na majibu mengi ya kifundi: kwamba kitambaa kilivutika, kwamba nilishona shingo imeinuka, kwamba lile si bega la kanzu.

“Umepinda,” nikasema. “Nimekaa chini yake njia nzima. Umepinda vibaya.”

Akacheka kwa pua, akafunika mdomo na mtandio. Nami hapo hapo, kabla upepo haujabadilika, nikasema nimemrejea mke wangu Zaina, mkisikia nyote. Mashahidi wakasema wamesikia. Jua lilikuwa bado juu, kapita wa Salamabila alikuwa bado njiani, na mimi nilikuwa mume wa mtu tena. Niliona aibu ya kulia mara mbili kwa siku moja, lakini nililia.

Kama safari ingeishia hapo, ningekuwa na hadithi ya kujivunia mpaka leo. Lakini mke aliyerudishwa haondoki kwao mikono mitupu. Akiondoka mitupu, watu wa Kasongo watasema amefukuzwa. Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa amenisamehe kwa kiasi, alianza kufunga: mfuko wa mchele ule ule wa uwanjani, kibuyu cha mafuta ya mawese, kuku wawili, mkungu wa ndizi, kinu kidogo. Juu ya hayo vikaja vyombo ambavyo Zaina aliondoka navyo, na godoro. Kukataa hata ndizi moja ni kukataa suluhu. Sikufungua mdomo.

Tulifika uwanjani saa sita na nusu, msafara mzima. Swala ilikuwa inakaribia na Mzee Sadiki alituharakisha. Bwana Kipimo aliutazama msafara, akatazama karatasi yake. Akaeleza polepole, na ilinibidi mimi, mwenye hatia, nimtafsirie.

Esanse yote ya mchezo ilikuwa imechezewa. Iliyobaki inatosha kufika Kasongo kwa mstari wa kwanza tu, elfu mbili na mia moja, upepo ukiwa mgongoni. Na mstari wa kwanza hauchukui mzigo mkubwa: ndege ikiwa nzito itashuka, na ikishuka itabidi kuongeza, na ukiongeza esanse inakwisha juu ya msitu. Mbali na yeye mwenyewe, alisema, kilo tisini. Si tisini na moja.

Akataka kumpima Zaina. Mama mkwe akajiweka kati yake na mizani, akasema mwanawe si mchele. Bwana Kipimo akamwomba basi Zaina aseme mwenyewe. Zaina akasema hamsini. Bwana Kipimo akamtazama, akaandika sitini. Godoro, vyombo na kinu vikaondolewa, vije na lori. Mchele, mafuta, kuku na ndizi, kilo ishirini na nane. Jumla themanini na nane. Akaweka penseli sikioni, akanitazama mimi, na wote wakanitazama mimi, kilo sabini na mbili.

Nikasema labda Zaina angoje Ijumaa ijayo pamoja na mchele wake. Mzee Sadiki akainua mkono.

“Ramazani mwanangu. Muke akibaki hapa leo, watu watasema hukumurejea. Muchele ukibaki, watasema tumemufukuza. Katika mizigo hii yote, ni wewe peke yako uko na miguu.”

Hata Bwana Kipimo, nilipomtafsiria, alisema hesabu ya mzee ni sahihi.

Saa saba kasoro robo Zaina alikaa kwenye kiti changu, kuku miguuni, mfuko wa mchele nyuma. Hakuonekana kuogopa. Alinyoosha shingo akatazama bawa lililo juu ya dirisha, kisha akanitazama mimi chini, na alijitahidi sana asicheke. Ndege ilikimbia, ikainuka pole pole juu ya migomba, ikageukia magharibi. Injini yake ilikuwa na sauti ya chini, ya kuridhika. Niliisikiliza mpaka ikaisha.

Baada ya swala akaja kapita wa Salamabila. Alikuja kwa baiskeli, amevaa suti, na Mzee Sadiki akamweleza. Alipokea kwa heshima, nami nikaona aibu, maana kweli alikuwa mtu mtaratibu. Tulikula pamoja, sahani moja. Wakati wa kunawa aliona futi yangu ya kupimia nguo mfukoni, akaniuliza kama ninaweza kumtazamia bega la koti, limefumuka njiani. Nilimshonea. Nilishona taratibu, na mshono ulinyooka.

Jumamosi asubuhi nilianza kutembea. Siku ya kwanza ilikuwa matope, siku ya pili pia, na sitaki kuwachosha, kwa sababu siku zote zilikuwa matope. Kitu kilichonishinda hakikuwa matope, kilikuwa watu. Mstari wa kwanza ni mwendo wa polepole, tena Bwana Kipimo alikuwa ameruka chini chini kwa kufuata barabara, kwa hiyo hakuna kijiji ambacho hakikumwona Zaina akipita akipunga mtandio. Kila nilipopiga hodi kuomba maji, kabla sijamaliza salamu, walinisimulia. Nilipofika Wamaza walikuwa wamekwisha kuamini kwamba yule mama ndiye aliyekuwa akiendesha, na Mzungu ni mtumishi wake. Nikasema hapana, yule ni mke wangu. Waliyatazama matope yaliyofika magotini kwangu, wakatazamana, wakanipa muhogo kwa huruma.

Mto usio na daraja nilivuka kwa mtumbwi. Siku ya nne kiatu kimoja kilibaki ndani ya tope, na cha pili nilikiacha mwenyewe kwa kuwa hakikuwa na kazi tena. Usingizi niliupata kwa watu wema, na kila mahali nilipiga hesabu ile ile ya Bwana Kipimo. Dakika saba nilizozitaka. Dakika arobaini za kuzunguka juu ya mama mkwe. Siku sita za miguu. Nilitaka kumlaumu Mzungu, nikataka kuulaumu mchele, lakini mkono wa injini niliusukuma mimi kwa machozi yangu. Hasira yangu na haraka yangu zinatoka tumbo moja. Nikiwa na hasira nasema upesi, na nikijuta naomba upesi, na mara zote mbili kuna mtu aliyekwisha kunionyesha hesabu yake nami sikuisoma. Hilo ndilo nililojifunza, na nimelilipia kwa nyayo.

Alhamisi alasiri niliingia Kasongo, peku, kofia imegeuka rangi. Bwana Kipimo alikuwa mbele ya banda lake. Aliniita, akanionyesha kijiti: Zaina na kuku wake walifika wakiwa na esanse iliyobaki tangini, tena ya kutosha kuona kwa jicho. Alisema Bibi Zaina alimkumbusha mara mbili asiongeze. Akanipa mkono, jambo ambalo Wazungu wa wakati ule hawakutupa ovyo.

Nyumbani kwangu mlango ulikuwa wazi, na harufu ya wali ilifika barabarani. Wali usioungua. Zaina alikuwa kibarazani, amefagia, amefunika cherehani kwa kitambaa safi. Nilisimama nje. Nilipiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe, maana baada ya siku sita nilikuwa sina uhakika na lolote.

Zaina alitazama miguu yangu, moja baada ya nyingine, akaingia ndani, akatoka na maji ya vuguvugu kwenye beseni. Akaliweka mbele yangu. Alikaa kwenye kigoda akanioshea miguu, taratibu, na nilipoguna kwa maumivu akapunguza mkono. Nilitaka kumwambia nilivyomkumbuka miezi ile mitatu, nikaanza vibaya, nikanyamaza, yeye akaniachia muda mpaka nikaanza tena. Nilimwambia yote. Hata habari za mchele ulioungua.

Alipomaliza kuniosha, alikausha miguu yangu kwa upindo wa kanga yake, akainuka na beseni.

“Karibu kwako, baba,” akasema. “Lakini neno lile, ukilisema tena, mimi siondoki. Utaondoka wewe. Njia sasa unaijua.”